Nyama ikisimama digrii 70, usiguse mkaa

Kila nikiweka picha ya pipa langu la kuchomea nyama status watu hawaulizi nyama ilikuwaje, wanauliza zile waya zinazotoka chini ya mfuniko ni za nini. Bas leo nnaandika yote pamoja.

Kile ni kipimajoto cha sindano nne. Kwenye ncha ya kila sindano mna kitu kidogo kinaitwa themista, joto likipanda ukinzani wake wa umeme unashuka, kile kidude cha nje kinausoma kinaugeuza kuwa digrii halafu kinarusha kwenye simu kwa Bluetooth, na simu inachora grafu. Kila sindano na rangi yake, mstari unatembea muda wote nyama ikiwa motoni. Ukinunua tu ingia kwenye setingi utoe Farenihaiti uweke Selsiasi mana nyingi zinakuja na vipimo vya Kimarekani, ndo ile unamskia mtu YouTube anakwambia nyama imeiva ikifika 203, anakusudia digrii 95 zetu.

Sasa watu wengi wanafikiri sindano zote zinaingia kwenye nyama. Hapana. Mbili zangu haziingii kwenye nyama kabisa, nnazibana kwenye wavu, moja kushoto moja kulia, usawa ule ule wa nyama ilokaa, lakini nnaziacha vidole viwili vitatu mbali nayo mana nyama ilotoka kwenye friji inapoza hewa ya karibu yake na sindano itakusomea hiyo baridi. Hizo ni za jiko. Mbili zilobaki ndo za nyama, ncha ikae katikati ya sehemu nene khasa, isiguse mfupa wala isizame kwenye shahamu. Mstari wa nyama bila ya mstari wa jiko haukwambii kitu, utaona nyama haipandi lakini hutojua kama moto umelala au nyama yenyewe ndo imesimama, na hayo mambo mawili dawa zake ni tofauti kabisa.

Na kusimama itasimama tu! Hapa ndo nnataka mnisikilize mana hapa ndo nyama nyingi zinaharibiwa. Unaweka kidari cha ng'ombe au paja zima la mbuzi, jiko umelituliza kwenye 120 hivi, mstari wa nyama unapanda vizuri, 40, 50, 60, unajiambia mchana tunakula, halafu ikifika kama 65 mpaka 75 hapo mstari unalala. Haupandi. Kidari kikubwa kinaweza kukaa hapo masaa, paja la mbuzi dogo halikai sana lakini nalo utaliona linapunguza mwendo. Mtu asokuwa na grafu anafanya nini? Anaongeza mkaa, anapepea, anafunua mfuniko kila dakika, jiko linaruka 180, nje ya nyama inakauka na kuungua na ndani bado kugumu.

Kinachotokea ni kile kile cha maji ya mtungi. Mtungi unatoa jasho, jasho likiruka linaondoka na joto, maji ya ndani yanapoa. Nyama nayo ikifika joto lile inasukuma maji yake nje, yale maji yakiwa mvuke yanachukua joto sawa na lile jiko linaloleta, kwaiyo mstari unalala mpaka ule unyevu wa juu upungue. Kuna mwanafizikia wa Marekani, Greg Blonder, alilijaribu hili kwa kuweka jikoni sponji iloloweshwa maji na bonge la shahamu tupu. Sponji ikasimama vile vile kama nyama, shahamu ikapanda moja kwa moja bila kusimama. Bas ugomvi ukaisha, ni maji. Na kile kipindi nyama imesimama si muda wa kupotea, mana ile mishipa migumu, ile kolajeni, inaanza kulainika na kuwa jelatini kwenye joto hilo hilo na kwenda juu, na inataka muda, haitaki moto mkali. Ndo mana kidari kinatolewa kwenye 93 mpaka 96 ilhali kwa usalama peke yake kilishaiva zamani.

Kama wageni wako njiani huwezi kusubiri, funga nyama. Wenzetu wanafunga kwa foili, miye napenda jani la mgomba, lipitishe kwanza juu ya moto lilainike lisipasuke, funga mara mbili na thomu na tangawizi zake humo humo, mvuke unabaki ndani, na kwenye grafu utaona mstari unaanza tena kupanda. Raha yake kuiona ile kona pale pale ulipofunga! Halafu msiiamini ile apu inapokwambia nyama itaiva saa ngapi, inapiga hesabu kwa mwendo wa mstari tu, nyama ikisimama itakwambia imebaki mpaka kesho.

Iddi Kubwa ya 2024 iliangukia kati ya Juni, kusi limeshashika, tukachoma uwani kwetu Fuoni, Unguja, na mjomba wangu alikuja kutoka Makunduchi. Mjomba anachoma mbuzi tangu miye sijazaliwa, kipimo chake kiganja. Akaweka mkono juu ya wavu huku, akauweka kule, akasema "mwanangu, moto wako unakula upande mmoja." Nikafungua simu, kweli, sindano ya kushoto iko juu kuliko ya kulia kwa digrii 30 na kitu. Akatizama upepo, akatwambia tushike pipa tuligeuze, tundu za hewa zilikuwa zinalielekea kusi moja kwa moja. Tukageuza. Ile mistari miwili ikaanza kukaribiana na baadae ikaenda pamoja. Mjomba akaniuliza, "na huo mstari umejua kama tumegeuza pipa?" Nikamwambia umejua mjomba, tizama. Akaishika ile simu mwenyewe akakaa nayo mpaka nyama inashuka. Miye kiganja kile sina, na skuizi kila nikichoma naangalia kwanza pengo la ile mistari miwili kabla ya kitu chengine chochote.

Grafu zangu nnaziweka, na nikizipanga pamoja naona mambo ambayo macho yangu yasingeyaona. Vifuu ukiviongeza vinapandisha jiko haraka na kuliangusha haraka, mkaa wa mti mgumu unatambaa taratibu. Kila ukifunua mfuniko mstari wa jiko unashuka ghafla na unachukua muda kurudi, kwaiyo wale wanaokuja kufunua "nione tu" nawaonesha simu. Na ukiitoa nyama mstari unaendelea kupanda kidogo hata nje ya moto, bonge kubwa linaweza kuongeza digrii 3 mpaka 5, toa mapema.

Mishkaki na pweza msiweke sindano, ni vitu vya dakika chache, macho yanatosha. Kuku ndio, pajani na kifuani, kote kufike 74.

Masuala ya kununua. Zile zisizo na waya kabisa, kama MEATER, ni nzuri lakini toleo lake la mwanzo ile sehemu inayoingia ndani ya nyama mwisho wake wa kuvumilia ni digrii 100, na mawimbi yake yanapita kwa shida kwenye mfuniko wa chuma. Bluetooth ukuta wa mawe na chokaa wa Mji Mkongwe hauvuki, kama unachomea uani na wewe unakaa ndani tafuta ya waifai. Kabla ya kuiamini ipime, maji ya barafu isome 0, maji yanayochemka isome 100, sie tuko usawa wa bahari kwaiyo 100 ni 100 kweli, mtu wa Arusha maji yake yanachemka kwenye 95 hivi. Waya usipite juu ya mkaa. Na kuosha, futa sindano kwa kitambaa na sabuni, usiitumbukize yote, maji yakiingia pale waya unapounganika na chuma itaanza kukusomea uongo.