Siku moja maishani mwangu: kuflashi moduli za maktaba za shule

Saa 2:00 asubuhi

Nafungua karakana, Morogoro mjini, kabla jua halijachoma bati. Mezani kuna moduli sita za Raspberry Pi Compute Module 4, kompyuta ndogo za kupachika kwenye bodi, zinazosubiri kuflashiwa, yaani kuandikiwa mfumo endeshi. Zikikamilika zitakuwa seva za maktaba kwenye shule za sekondari zisizo na intaneti. Ndani yake tunaweka Kiwix, ambayo inabeba Wikipedia ya Kiswahili bila kuhitaji mtandao, na Kolibri yenye masomo na mazoezi. Mwanafunzi anaunga simu au kishikwambi kwenye Wi-Fi ya kisanduku na kuanza kusoma, bila bando.

Watu huniuliza kwa nini nahangaika na moduli wakati Raspberry Pi ya kawaida inatumia memori kadi, unachomeka na kazi imekwisha. Jibu langu halibadiliki: shuleni memori kadi haidumu. Itachomolewa iingie kwenye simu ya mtu, na hata isipochomolewa, umeme ukikatika wakati inaandikwa inaharibika kirahisi. Hifadhi ya moduli, eMMC, imechomelewa kwenye bodi yenyewe, haina mahali pa kuchomolea. Ndiyo maana inahitaji njia yake ya kuingiza mfumo, na njia hiyo ndiyo siku yangu ya leo.

Saa 2:40

Msaidizi wangu, binti aliyepo kwa mafunzo ya vitendo, amefika. Kabla ya kugusa chochote kila mmoja wetu anashika chuma kilichounganishwa na ardhi, umeme tuli utoke mwilini. Moduli ina milimita 55 kwa 40 tu, na chini yake kuna viunganishi viwili vya pini 100 kila kimoja, vyembamba mno. Unailaza sawasawa juu ya bodi ya IO, ile bodi kubwa yenye matundu ya umeme na USB, unabonyeza upande huu kisha ule mpaka usikie imekaa. Ukiitoa, inua pande zote mbili polepole. Anayeikwatua kwa kona moja kwa bisibisi anavunja kitu ambacho hakuna fundi wa mtaani atakayekirudishia.

Saa 3:00

Bodi ya IO ina seti ya pini iliyoandikwa J2. Jozi ya pini za kuzuia kuwaka kutoka eMMC tunaivika jampa, kile kiplastiki kidogo chenye shaba ndani. Jampa ikiwa hapo, moduli haitafuti mfumo ndani yake, inasubiri maelekezo kutoka USB. Halafu tunachomeka waya wa USB ndogo kutoka bodi hadi laptopu, tunaendesha programu ya rpiboot, na mwisho kabisa tunawasha umeme wa volti 12.

Waya nao uchague. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya chee ni za kuchaji tu, hazipitishi data, na mtu anaweza kushinda siku nzima akiilaumu moduli. Sisi tunapima kwa amri ya lsusb: ikitokea 0a5c:2711, moduli imeonekana na waya ni mzima. Rpiboot ikimaliza kazi yake, eMMC inajitokeza kwenye laptopu kama flashi ya kawaida.

Wanaotumia Windows wajue jambo moja. Kuna wakati itatokea dirisha la kuuliza kama unataka kufomati diski. Kataa. Windows haisomi sehemu ya ext4 ambayo Linux inaitumia, kwa hiyo inadhani diski ni mbovu.

Saa 4:15

Moduli mbili zimeshaandikwa. Imeji yetu, yaani faili lenye mfumo mzima na maktaba yake, ina gigabaiti 20 hivi na njia ni USB 2.0, basi kila moja inakula muda wake. Raspberry Pi Imager ikimaliza kuandika huanza kuhakiki, yaani kusoma upya ilichoandika na kulinganisha. Naona mafundi wengi wanabonyeza kuruka hatua hiyo ili wawahi. Hapa kwetu hairukwi. Kisanduku kikishafika kijijini, kosa la baiti chache linageuka safari ya siku nzima kwa basi, na darasa linakaa bila maktaba mpaka ufike.

Saa 5:00

Moduli ya tatu.

"Fundi, hii imeonekana kwenye lsusb, rpiboot imemaliza vizuri, lakini diski haiji."

"Soma namba iliyoandikwa juu yake, dada."

"CM4104000."

Majibu yote yako kwenye namba hiyo. Baada ya CM4, 1 ni Wi-Fi ipo, 04 ni RAM ya gigabaiti 4, na tarakimu tatu za mwisho ni ukubwa wa eMMC. Zetu zinatakiwa kuishia na 032. Yenye 000 ni Lite, haina hifadhi kabisa. Muuzaji amechanganya mzigo. Tunaipiga picha, tunamtumia ujumbe, tunaiweka pembeni. Binti anazipanga zilizobaki kwa namba kabla ya kuendelea, bila kuambiwa. Nimefurahi sana.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8:00

Sasa ni kuvua jampa na kuwasha kila moduli ijitegemee. Ukiisahau, itaendelea kusubiri USB. Taa ya kijani inapepesa, mfumo unapanua sehemu yake kujaza eMMC yote, unajizima na kuwaka tena. Tunaingia kwa SSH, njia ya kuifikia moduli kutoka kwenye laptopu kupitia mtandao, na kukagua.

Imeji mama niliisafisha nilipoiandaa: nilifuta funguo za SSH na kitambulisho cha mashine, kila kifaa kijitengenezee vyake kinapowaka mara ya kwanza. Imeji ikinakiliwa na funguo zake, shule zote zinakuwa na ufunguo mmoja, na atakayeupata wa shule moja ameupata wa zote. Kwa hiyo binti analinganisha alama za funguo za moduli zote tano, moja baada ya nyingine. Zote tofauti. Nchi ya Wi-Fi nayo iwe TZ. Isipowekwa, redio inabaki imefungwa.

Saa 9:30

Visanduku vyetu ni vya chuma, na chuma kinaziba antena iliyochorwa kwenye moduli. Tunaongeza mstari dtparam=ant2 kwenye faili la mipangilio, config.txt, ili itumike antena ya nje. Tunaweka pia betri ya CR2032 kwa ajili ya saa ya bodi, kwa sababu pasipo intaneti kifaa hakina pa kuulizia wakati, na kumbukumbu za mazoezi ya wanafunzi zitaandikwa tarehe za uongo.

Saa 11:00 jioni

Tano ziko tayari, zimebandikwa jina la shule na tarehe ya imeji. Muuzaji amejibu, atabadilisha ile Lite. Kesho mbili zinakwenda Mahenge kwa basi la alfajiri, na mimi naenda nazo: antena nataka niifunge mwenyewe, kisha niipime nikiwa nimekaa dawati la nyuma kabisa.