Koti la Mark, na kisasi kilichowahi mno

Hapa Chikongola, Mtwara, wateja wangu wawili, bodaboda wote, wamebishana kibarazani kwangu mpaka mmoja akaondoka bila suruali aliyoifuata. Ugomvi wenyewe: steringi wa A Better Tomorrow ni nani? Mmoja anasema ni Mark, yule mwenye koti refu na njiti ya kiberiti mdomoni. Mwenzake anasema steringi hafi, Mark anakufa, kwa hiyo steringi ni Ho. Mimi niko kwenye cherehani, napindua kola, nikawaambia wote wawili mmeishika muvi kwa mkia.

Muvi yenyewe ni ya Hong Kong, ya mwaka 1986, kaiongoza John Woo. Wa rika langu tuliiona kwenye banda la video, msimu wa korosho, pesa ikiwa mkononi mwa watu na banda limejaa mpaka wengine wanakalia makreti ya soda. Safari hii nimeitazama kwenye simu. Kijana anayerusha muvi pale sokoni alinitilia kwenye memori kadi huku ananicheka: "Shangazi, hii ya kizee." Ya kizee kweli, na bado naiweka juu ya hizo zake mpya.

Ho, ambaye ni Ti Lung, na Mark, ambaye ni Chow Yun-fat, kazi yao ni dola bandia. Mapema tu Mark anawashia sigara noti ya dola mia, bandia hiyo hiyo. Ho ana mdogo wake, Kit, kaigiza Leslie Cheung. Kit anataka kuwa polisi na hajui kaka yake anakula wapi. Baba yao mgonjwa anamwomba Ho aachane na mambo hayo, Ho anakubali, ila kuna safari moja imebaki, ya Taiwan. Anafuatana na kijana mgeni kazini, mnyenyekevu, anaitwa Shing. Huko wanageukwa, risasi zinalia, polisi wanafika. Ho anajitoa akamatwe ili Shing apate mwanya wa kukimbia. Na baba naye huku nyumbani anauawa.

Muvi nyingi za magenge, kisasi hukaa mwisho. Mtu anaonewa, anajificha, anafanya mazoezi, halafu dakika za mwisho anamaliza kazi na banda zima linapiga miluzi. Hapa Mark halali na deni. Anakwenda Taiwan mapema kabisa, anapita kwenye korido ya mgahawa amemkumbatia mwanamke, anacheka, na kila anapopita anaficha bastola kwenye vyungu vya maua. Anaingia, anaua, anarudi nyuma anaokota bastola chunguni, anaendelea. Vijana wanaikumbuka hiyo tu. Lakini wakati anaondoka, mmoja aliyebaki na pumzi anampiga risasi mguuni, na mguu ule haurudi tena. Yaani kisasi kimeshalipwa, na muvi yote bado iko mbele. Kwangu mimi hapo ndipo inapoanza.

Ho anatoka jela baada ya miaka mitatu. Anaendesha teksi. Mdogo wake hataki hata kumwona: baba kafa kwa ajili yake, na kazini hapandishwi cheo kwa sababu ya jina la kaka. Shing sasa ndiye bosi, suti nyeupe, gari na walinzi. Na Mark? Kule jela Ho alikuwa anapata barua za Mark, hali njema kabisa. Kumbe Mark anachechemea na chuma mguuni, anafuta vioo vya gari la Shing, na Shing anamtupia hela chini aiokote. Ho anamkuta kwenye maegesho ya chini ya ghorofa, amekaa anakula wali wa kwenye boksi.

Hapo huwa naisimamisha simu kwanza. Kaka yangu alikwenda Dar zamani, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, basi likivuka Rufiji kwa pantoni, na barua ikichukua siku zake kufika Mtwara. Alikuwa anatuletea picha za studio, amevaa suti. Mama alizitundika ukutani, majirani wanaitwa waje waone. Mimi tayari nilikuwa najifunza kushona, na nikiangalia mabega tu nikajua suti ile si ya kwake, ni ile inayotundikwa studio kila mteja anaivaa. Mama sikumwambia. Kwa hiyo Mark akiinua uso na wali mdomoni, mimi simwoni Mchina.

Kuhusu lile koti: baada ya muvi kutoka, vijana wa Hong Kong waliyavaa makoti marefu na joto lao lile. Wa Mtwara nao hawakubaki nyuma. Nimewahi kushona moja la gabadini, lenye bitana, la Idi, kwa kijana ambaye nilimwonya akaniona mshamba. Alifika nalo Shangani ufukweni, mgongo wote umeloa jasho, na hakulivua.

Mchumba wa Kit sikumpenda. Si yeye, ni vile vichekesho walivyompa na lile zeze lake kubwa, vinaharibu mwendo.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Shing anakuja kukiri mwenyewe kwamba ndiye aliyemuuza Ho kule Taiwan. Yule yule aliyeachiwa njia akimbie. Mwishoni bandarini Ho anamsihi Mark apande boti aondoke na hela zake. Anaondoka, halafu anageuza boti. Anauawa akiwa anamfokea Kit kuhusu undugu, sentensi haijaisha. Shing anacheka: anajisalimisha, hela zitamtoa kesho. Kit, askari yule, anampa kaka yake bastola. Risasi moja, hakuna maua wala korido, imekwisha. Ho anachukua pingu, anajifunga mwenyewe na mkono wa mdogo wake.

Mwaka 1987 walitoa sehemu ya pili, na kwa vile watu hawakukubali Mark amekufa, wakamzulia pacha. Chow Yun-fat yule yule, miguu yote mizima. Kijana wa memori kadi anayo na ameniahidi bure. Nimemwambia nafasi imejaa.