Bin fulani bin fulani, jangwani

Juzi nimerudi Lindi na swali la kwanza la bibi wala sio nimemletea nini, ni "we mke mwenza, yaani umepanda ndege mpaka Jordan kwenda kusoma mawe?" Nikacheka ila ndo ukweli, wiki tano nzima mawe tu.

Tulikuwa kaskazini mashariki ya nchi, kwenye jangwa la mawe meusi ya volkano wanaloita Harra. Wafugaji wa miaka kama 2,000 iliyopita waliyakwaruza hayo mawe wakaandika, maandishi yanaitwa Safaitiki, herufi 28, irabu hakuna, na yaliyokwisharekodiwa yamepita 30,000. Kazi yenyewe unatembea, ukiona jiwe lenye maandishi unaliandikia namba, unachukua GPS, unapiga picha, unaenda jingine. Saa sita mchana usijisumbue, jua likiwa utosini huoni kitu, mpaka mwanga uje kwa ubavu asubuhi au jioni ndo herufi zinajitokeza. Na joto mi nlidhani nalijua, mtoto wa Lindi, kumbe letu lina jasho bana, kule midomo inapasuka tu.

Siku ya tatu nikaachiwa jiwe langu peke yangu, nimekaa nalo toka alfajiri nasoma haliji, nikaanza kumlaumu aliyeandika kwamba labda alikuwa ndo anajifunza. Msimamizi kupita akaangalia, akasema umeanzia mkiani. Maana hawa waliandika upande wowote, kulia, kushoto, wengine wanazungusha jiwe zima kama nyoka, inabidi kwanza uitafute ile l ya mwanzo, yaani "ni ya fulani". Nikageukia upande wa pili, likaja lenyewe: l fulani bn fulani bn fulani. Bin! Nikakaa chini, yaani kama mwalimu wa madrasa anaita majina. Afu wengine wanaendelea, alichunga hapa, alimlilia nduguye, wanamuomba mungu wao wa kike Lt awape slm, na hiyo slm mtu wa pwani haitaji kutafsiriwa.

Bibi kasikiliza yote huku anamenya ming'oko, afu akauliza, "Na wanawake je, hawakuwa na majina?"

Wapo, ila wachache. Mi nlimpiga picha mmoja tu, bnt fulani, binti. Akaninyang'anya simu akaisogeza machoni, kimyaa, mwisho akasema huyu kaandika vizuri kuliko hao wanaume wote. Simu kaishika juu chini, wala sikumwambia.