Siku moja nikimfuata bongo, mnyama mkubwa wa jamii ya swala, kwenye mianzi ya milima ya Aberdare, Kenya

Saa 11 alfajiri. Chai ya moto, buti, betri za akiba. Tunaondoka na askari mwenye bunduki, maana kwenye mianzi nyati unaweza usimwone hadi umsikie akipumua.

Saa 1 asubuhi. Mzee anayetuongoza anainua mkono. "Tulieni kwanza, vijana wangu." Ndovu. Bondeni mianzi inavunjika. Mzee anarusha majivu kidogo kupima upepo, kisha tunazunguka mbali sana. Muda mwingi umepotea, lakini afadhali.

Saa 3. Nyayo! Kwato kubwa kuliko za pongo, nyembamba kuliko za nyati. Mbele kidogo kuna kinyesi kibichi. Navaa glavu, natia kidogo kwenye chupa, naandika mahali na saa. Maabara itasoma DNA. Watu hudhani kazi hii ni kutazama wanyama. Bongo wa milimani porini yuko Kenya pekee, na waliobaki hawafiki 100. Mimi nikimwona ni kwa kufumba na kufumbua: ubavu mwekundu wenye mistari myeupe, pembe kazilaza mgongoni zisinase matawini, kisha kichaka kimefunga.

Karibu na kijito tunang'oa mtego wa waya. Uzio wa umeme wa kilomita 400 hivi, uliokamilika mwaka 2009, umesaidia sana, lakini waya bado huingia. Aliyeutega huenda alitaka pongo tu. Waya haubagui.

Saa 5. Kamera tulizofunga msituni, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita. Moja imepinduliwa na ndovu, na tangu hapo imepiga picha za mawingu kwa bidii ya ajabu.

Saa 8. Tunakula, tunarudi.

Saa 10, kambini. Tunapitia picha. Nyati. Nyati. Majani yakipepea. Nguruwe wa msituni. Nyati tena. Halafu, saa 9 usiku, bongo jike na ndama wake! Kelele zinazofuata si za watu wazima.

Sasa tunahesabu mistari, ili tumtambue kila mmoja. Ya kushoto kwa kawaida hailingani na ya kulia, ndiyo maana tunafunga kamera mbili zinazotazamana. Ubavu wa kushoto wa mama tunao tayari kwenye kumbukumbu, ni mwenyeji wetu. Ndamaye ni mgeni, na kamera ya upande wa pili ndiyo ile ya mawingu. Mzee amekwisha amua: kesho tunarudi bonde lile lile, na kamera itafungwa juu zaidi ya mkonga.