Waya wa volti 15,000: nilivyoupata hapa Arusha

Nilikuwa natengeneza mtego wa moshi: bomba la plastiki angavu, waya mwembamba katikati, foili kwenye kuta zake, na volti kama 15,000 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja) kutoka kwenye flaibeki ya TV ya chogo, yaani ile transfoma yake inayokuza volti. Moshi wa ubani ukipita ndani, chembe zake huchajiwa na kunasa kwenye foili. Viwanda vya saruji husafisha moshi wao kwa njia hiyohiyo. Flaibeki haikunisumbua. Kazi ilikuwa kupata waya wa kutoka hapo hadi kwenye bomba.

Dukani walinitolea waya wa milimita 4. "Kaka, huu hata jiko unabeba," muuzaji akasema. Kweli unabeba, ila unene ule ni wa shaba, na shaba ni kwa ajili ya mkondo. Mkondo wangu haufiki hata miliampia 1. Mimi nilitafuta ganda, na ganda la waya wa nyumba limejieleza lenyewe: 450/750 V. Ukipitisha 15,000 humo, pengine siku ya kwanza usione chochote, na hapo ndipo hatari ilipo, maana PVC, plastiki ya ganda hilo, huchoka kimyakimya kabla ya kutoboka. Kuongeza tepu nyeusi hakusaidii sana. Tepu nyingi ni za volti 600, na kati ya tabaka hubaki hewa. Nikachukua mita chache za waya wa milimita 2.5 kwa ajili ya ethi, basi.

Waya wenyewe nilikuja kuupata kwa fundi TV, Ngarenaro. Kila flaibeki ina ule waya mwekundu unaoishia kwenye kikombe cha mpira. Nilifuta vumbi kwa kidole, maandishi yakatokea: DC 40 KV. Fundi hakuniruhusu kuukata mpaka alipopenyeza chini ya kikombe bisibisi iliyofungwa waya uliounganishwa na ethi ya TV. "Chogo linatunza umeme, mdogo wangu, hata ukichomoa." Na hiyo "DC" isomeni vizuri: kwenye AC (umeme unaobadili mwelekeo), hasa ya masafa ya juu, waya huohuo hauhimili kiasi hicho.

Shida ikawa urefu, vipande ni vifupi. Nikaenda gereji za Unga Limited kutafuta waya za plagi za magari, ambazo zimetengenezwa kubeba makumi ya maelfu ya volti. Nyingi ndani hazina shaba bali nyuzi zenye kaboni, na mita ilinisomea kiloomu kadhaa. Watu huzikataa kwa hilo. Kwa mkondo wa miliampia 1, omu 10,000 zinakula volti 10 tu, kwa hiyo hasara ni ndogo mno. Muhimu ni kuzikunja kwenye kidole gumba na kuangalia nyufa. Waya zilizokaa karibu na injini ya moto nyingi zimekauka.

Ncha ndizo zilinipa kazi kubwa kuliko waya. Nilizima taa nikatazama kwa mbali: kwenye kiungo palikuwa na mwanga wa zambarau, sauti ya kuzomea, na harufu ya ozoni, ile ya chumba cha fotokopi. Dawa yake ni kulainisha risasi ya kulehemu iwe tone la mviringo, bila uzi hata mmoja uliochomoza, kisha silikoni juu. Si ile inayonuka siki, hiyo inakula shaba. Hewa huhesabiwa kuhimili kilovolti 3 kwa kila milimita kabla cheche hazijaruka, lakini ni kwa usawa wa bahari na nyuso laini. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu, hewa imepungua kama asilimia 15, na penye ncha kali cheche huruka mbali zaidi. Mimi huacha sentimita 5 au zaidi kati ya waya na chochote.

Pamoja na ganda lote hilo, siushiki ukiwa na umeme. Nikichomoa, natoa chaji kwa ndoano ya waya wa ethi iliyofungwa kwenye fimbo ndefu ya bomba la plastiki, ndipo naingiza mkono. Wanaoniuliza kama waya hizi zinafaa kwa transfoma ya maikrowevu nawajibu kwamba swali si waya: ile hutoa volti kama 2,000 tu, lakini kwa mkondo unaoua mara moja, na nyumbani kwangu haiingii.