Ufunguo wa kusoma tu: nilivyoifungulia akili mnemba hazina ya maarifa ya timu

Maelekezo si kufuli. Ukiiambia zana ya akili mnemba "soma tu, usibadilishe kitu" huku ufunguo ulioipa unaruhusu kuandika, ipo siku itaandika. Kwa hiyo kazi ya kuiruhusu zana isome kurasa na hifadhidata ya timu yetu niliianzia kwenye seva.

Niliifungulia zana akaunti yake. Tokeni yangu (msimbo wa siri unaonitambulisha kwa seva) ingeibebesha ruhusa zangu zote, na kwenye logi (kumbukumbu za matukio) nisingejua nani kafanya lipi. Kwa kurasa zilizo GitHub nilitumia ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia seva) unaofungua ripozitori moja tu, yaani ghala moja la faili. Huo husoma tu mpaka wewe mwenyewe utie alama ya kuruhusu kuandika. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL nilitengeneza mtumiaji mpya nikampa CONNECT (kuunganika), USAGE ya skima (kulifikia kundi la majedwali) na SELECT (kusoma) ya majedwali yanayohitajika, basi. Wengi huweka default_transaction_read_only, mpangilio unaoanzisha kila muamala kama wa kusoma tu, wakaridhika, ilhali mtumiaji yuleyule anaizima kwa amri moja ya SET. Tena, hifadhidata iliyoanzia toleo la 14 au la nyuma humruhusu kila mtumiaji kuunda majedwali kwenye skima ya public, hivyo iondoe ruhusa hiyo kwa REVOKE. Kwenye MCP nako (itifaki ya kuiunganisha akili mnemba na zana na data), alama ya readOnlyHint ni seva kujieleza tu, haizuii lolote.

Kisha nikajaribu kuvunja: UPDATE moja (amri ya kubadilisha data), git push moja (kupeleka mabadiliko GitHub), nikizituma mwenyewe kwa funguo zilezile. Zote lazima zikataliwe na seva. Zana kusema "siwezi kuandika" si jaribio.

Ugumu wenyewe uko kwenye kusoma. Nywila iliyofutwa ukurasani bado imo kwenye historia ya Git, kwa hiyo dawa ni kuibadilisha. Pia akaunti inayoona kila kitu hugeuka mlango wa nyuma: asiye na ruhusa ya ukurasa wa mishahara anauliza, anajibiwa. Niliiachia zana kurasa ambazo timu nzima inaruhusiwa kuziona. Ukitaka zaidi ya hapo, chuja kwa ruhusa za anayeuliza kabla maandishi hayajaifikia modeli. Ukichuja jibu umeshachelewa.

Na yeyote anayeweza kuhariri ukurasa anaweza kuficha humo maagizo kwa zana. Zana hiyohiyo ikiwa inatuma barua pepe au kufungua viungo vya nje, siri zina njia ya kutokea. Yangu niliinyima vyote viwili, na malalamiko nimeyavumilia.

Faharasa ya utafutaji, ambamo kurasa hukatwa vipande ili zana ivipate haraka, ni nakala. Ukurasa ukifutwa, vipande vyake huendelea kujibu maswali, tena kwa kujiamini. Sasa kufuta ukurasa kunafuta na vipande vyake papo hapo, faharasa nzima hujengwa upya kila usiku, na kila jibu huja na kiungo pamoja na tarehe ukurasa ulipohaririwa mwisho.

Tokeni ya utafutaji nimeipa siku 90, na kikumbusho wiki moja kabla. Ikiisha kimyakimya seva hurudisha 401 (msimbo wa kukataa utambulisho), nayo zana, badala ya kusema imefungiwa mlango, hujibu kwamba habari hiyo haimo.