Thabeet ni wa saba, na sishuki hapo

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine hamtafika mwisho: katika orodha yangu ya wanaume bora waliowahi kuvaa jezi ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn, kule Marekani, Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet ni wa saba. Siyo wa kwanza kama anavyotaka mzee wetu wa kijiwe cha Upanga, pale jirani na viwanja vya Don Bosco. Wala siyo wa kuachwa nje kama anavyosema dogo mmoja ambaye alianza kufuatilia kikapu Stephen Curry akiwa tayari bingwa.

Hoja ya dogo ni ile ile kila Jumamosi. Mwaka 2009 timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zilipochagua vijana, Blake Griffin alikuwa wa kwanza, Thabeet wa pili, James Harden wa tatu, Curry wa saba. "Braza, wa pili! Mbele ya Curry!" Halafu anakumbusha kwamba Memphis, timu iliyomchagua, walimshusha ligi ya chini, timu ya Dakota, msimu wake wa kwanza tu. Kweli tupu. Lakini hiyo ni kesi ya Memphis, sisi tunajadili chuo. Ukiruhusu ya NBA yaingie, Ray Allen anachukua namba moja bila ubishi, na Shabazz Napier, aliyeibeba UConn mpaka ubingwa wa 2014, hata kwenye orodha haonekani. Nani anataka orodha ya namna hiyo?

Tuangalie alichofanya akiwa chuo. Msimu wa 2008-09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na bloku (mitupo ya wapinzani aliyoizuia) 4.2 kwa mechi. Mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo aliyochezea UConn, miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, enzi hizo Big East ikiwa ligi ya watu wazima. Mwaka huo wa pili akagawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Na takwimu hazihesabu kitu ambacho mtu yeyote aliyecheza chini ya kikapu anakijua: yule anayeingia na mpira kwa mbwembwe, anainua macho, anaona futi saba na inchi tatu za mtoto wa Dar, anageuza na kuurudisha nje. Hilo halina safu yake kwenye karatasi ya mechi.

Sasa mzee. Kwake yeye kijana aliyeanza kikapu na miaka 15 hapa hapa Dar na kufika huko hawezi kuwa chini ya mtu. Namheshimu, shikamoo yake naitoa kila mara, ila namuuliza: Emeka Okafor utamweka wapi? Wote wawili walipita sekondari Houston, wote walicheza misimu mitatu, wote walichaguliwa wa pili. Bloku za Okafor ni 441, rekodi ya chuo. Za Thabeet 417. Tofauti ni ndogo, mpaka ufike 2004: fainali dhidi ya Georgia Tech, Okafor akafunga 24, akachukua ribaundi 15, UConn wakashinda 82-73. Thabeet naye alifika nusu fainali 2009, Detroit, wakakutana na Michigan State jimboni kwao. Matokeo? 82-73, safari hii UConn ndio wenye 73. Ukitaka kumtetea, sema kwamba Jerome Dyson alikuwa nje kwa goti tangu Februari. Mimi husema hivyo. Lakini taji ni taji.

Na ipo ile ya Blair kumbeba mgongoni na kumbwaga chini, Februari hiyo hiyo, UConn wakiwa namba moja nchini. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Dogo video anayo kwenye simu na haoni aibu kuicheza mbele ya mzee.

Kwa hiyo yangu iko hivi: Okafor, Kemba Walker (mechi kumi na moja za mtoano mwaka 2011, kashinda zote), Ray Allen, Richard Hamilton, Napier, Donyell Marshall, Thabeet. Chris Smith, mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote hapo chuoni, ni wa nane. Nitukaneni.

Tulikuwa karibu kuelewana mpaka dada mmoja, mchezaji wa zamani aliyekuwa anamsubiri mwanawe, alipouliza kwa nini tunaorodhesha wanaume tu wakati chuo ni kimoja. Breanna Stewart: misimu minne, mataji manne, mchezaji bora wa Final Four, yaani nusu fainali na fainali za vyuo, mara zote nne. Kwa wanaume wa UConn hakuna wa kumsogelea. Akaongeza Maya Moore, Diana Taurasi, Sue Bird, Rebecca Lobo, Paige Bueckers, wote juu ya Thabeet.

Mzee akahesabu kwa vidole. "Wa kumi na tatu?"

Watano wa kwanza nimewakubali palepale, sina cha kubisha. Bueckers bado namgomea, taji lenyewe analo moja tu, la 2025. Wa kumi na mbili, basi.